Historia ya Vilabu vya Shule za Sekondari na Mafunzo Yake Kwetu



Kila mwaka, tarehe 16 Juni, bara letu huadhimisha Siku ya Mtoto wa Afrika. Kwetu sisi wa mpakani, kuanzia Karambi hadi Bwera na Mpondwe, tarehe hiyo imeongezewa huzuni nyingine tangu mwaka 2023, kama tutakavyoeleza mbele. Katika toleo hili la kumbukumbu tumeona ni vema kuandika juu ya jambo moja linalowahusu vijana wetu wa sekondari, nalo ni vilabu vyao vya baada ya masomo: skauti, midahalo, kwaya, michezo ya kuigiza, kandanda na netiboli, vilabu vya afya, vilabu vya mazingira, na vinginevyo.

Tunaandika kwa sababu yapo maneno mawili yanayosikika mara kwa mara. La kwanza ni la wazazi: "Nimempeleka mtoto kusoma, sikumpeleka kucheza." La pili ni la ofisini: fedha zikipungua, mstari wa vilabu ndio unaokatwa mwanzo, kwa kuwa madawati, chaki na mishahara ya walimu haviwezi kungoja. Wote wana sababu zao, wala hatuwalaumu. Lakini kabla ya kukata au kukataza, inafaa tuulize vilabu hivi vilitoka wapi, nani alivianzisha na kwa nia gani, na vimewafanya nini vijana waliopita humo. Jibu la historia ni moja: saa za baada ya masomo hazikai tupu. Mzazi na mwalimu wasipozishughulikia, atatokea mwingine wa kuzishughulikia, na si lazima awe mtu mwema.

Mwanzo wake

Muda mrefu kabla ya shule, vijana wa milima ya Rwenzori walikuwa na mafunzo yao. Wakonzo waliwafunda wavulana wao jandoni. Wazee walisimulia habari za ukoo jioni penye moto. Binti alijifunza kwa mama na kwa shangazi. Hakuna aliyeyaita mafunzo hayo klabu, lakini kazi ilikuwa ile ile: kumfundisha kijana kuishi na wenzake, kutii, na zamu yake ikifika, kuongoza.

Shule za misheni zilipoingia, zilimchukua mtoto kutoka katika mafunzo hayo. Shule za bweni zilimchukua mchana na usiku. Gayaza ilifunguliwa mwaka 1905 kwa ajili ya wasichana, na Budo mwaka 1906 kwa ajili ya wavulana. Walimu wa shule za namna hiyo walikabiliwa na swali: watoto hawa wafanye nini kati ya kengele ya mwisho na saa ya kulala? Wakaleta desturi za shule za kwao Uingereza: mabweni yakashindana kwa mpira na kwa nyimbo, wanafunzi wakapewa viranja, na baadaye wakaja Skauti.

Chama cha Skauti kilitokana na Robert Baden-Powell, jenerali wa Kiingereza, aliyefanya kambi ya majaribio mwaka 1907 katika kisiwa cha Brownsea akiwa na wavulana wapatao 20. Haikupita miaka kumi Skauti walikuwa wamekwisha kufika Uganda, mwaka 1915. Wasichana nao walipata chama chao, Girl Guides. Baden-Powell mwenyewe alimalizia maisha yake Afrika Mashariki. Alifariki Nyeri, Kenya, tarehe 8 Januari 1941, na kaburi lake liko huko hadi leo.

Hapana budi tuseme ukweli: watawala wa kikoloni walipenda skauti kwa sababu waliona humo njia ya kuwafanya vijana watiifu kwa Mfalme wa Uingereza. Hata hivyo mpango wenyewe ulikuwa na mbegu nyingine ndani yake. Skauti hugawanywa katika vikosi vidogo vya watoto wachache, na mkuu wa kikosi ni mtoto mwenzao. Yeye ndiye anayehesabu watu wake, anayegawa kazi ya kuteka maji na kupika, na anayejibu kwa mkubwa mambo yakiharibika. Mtoto aliyepewa dhamana ya wenzake saba hawezi kuisahau.

Mdahalo nao ni hivyo hivyo. Sheria zake ni chache: kila msemaji ana dakika zake, hakuna kumkata mwenzako kauli, mwenyekiti ndiye anayetoa ruhusa, na mara nyingine unaagizwa kutetea upande usioupenda. Kijana aliyelazimishwa kutetea hoja ya mpinzani wake amekwisha kujifunza kwamba mpinzani naye ana akili. Katika nchi zetu somo hilo limekuwa adimu.

Chama cha kukusanya historia

Mfano wa karibu zaidi na sisi unatoka katika milima hii. Katika miaka ya 1950, Wakonzo na Wamba walikuwa chini ya ufalme wa Toro. Walinung'unika kwamba lugha zao zinadharauliwa, shule kwao ni chache, na kazi za serikali zinawapita. Mwalimu mmoja wa shule, Isaya Mukirane, pamoja na wenzake, waliunda chama cha kutafiti maisha na historia ya Wakonzo. Kiliitwa kwa Kiingereza Bakonzo Life History Research Society. Mwaka 1954 mwandishi wa habari wa Kiingereza, Tom Stacey, alitembea milimani pamoja na Mukirane.

Hiki hakikuwa chama cha wanafunzi, lakini kilifanya kazi kama klabu nzuri ya shule inavyofanya: watu waliosoma kidogo waliwaendea wazee, wakawasikiliza, wakaandika. Kutokana na kuandika walianza kuuliza. Ikiwa tuna historia yetu, mbona haifundishwi? Ikiwa tuna lugha yetu, mbona watoto wetu wanaificha? Mwaka 1962 wajumbe wao walitoka katika baraza la Toro, na mwaka huo huo wafuasi wa Mukirane wakatangaza kujitenga kwa Rwenzururu. Mukirane alifariki mwaka 1966, na mwanawe, Charles Wesley Mumbere, akashika nafasi yake. Wapiganaji walishuka milimani na kuweka silaha chini mwaka 1982. Wilaya ya Kasese ilikuwa imekwisha kuundwa mwaka 1974, na mwaka 2009 serikali ya Uganda iliutambua ufalme wa Rwenzururu.

Hatuandiki haya ili kumhukumu mtu yeyote. Damu ilimwagika pande zote, na majeraha mengine hayajapona. Tunataka msomaji aone kwamba mkusanyiko mdogo wa watu wenye kalamu na daftari unaweza kugusa mambo makubwa. Hivyo klabu ya historia au ya lugha shuleni si mchezo, na inahitaji mwalimu mlezi mwenye busara.

Ng'ambo ya mto Lhubiriha

Mto Lhubiriha, unaotenganisha Mpondwe na Kongo, haujawahi kuwatenganisha watu. Wakonzo wa huku na Wanande wa kule ni ndugu wa lugha na wa damu. Kule nako vyama vya vijana vina historia yake.

Mwaka 1952, mjini Bukavu, padri Georges Defour wa shirika la Mapadri Weupe alianzisha chama cha vijana kilichopewa jina la Mtakatifu Fransisko Xaveri. Chama cha Xaveri kilichukua mambo mengi yanayofanana na ya skauti: nyimbo, kambi, michezo, ahadi, na kuwasaidia wengine, lakini kilikusudiwa kwa vijana wa Kiafrika wa mazingira haya tangu mwanzo. Kilienea mashariki ya Kongo, Rwanda, Burundi na hata Uganda. Bila shaka miongoni mwa wasomaji wetu wapo waliolelewa humo.

Mwaka 1972 Rais Mobutu alipiga marufuku vyama vya vijana vya dini nchini Zaire. Kijana alibakiziwa JMPR, tawi la vijana la chama tawala cha MPR. Msomaji atajiuliza: mtu mwenye jeshi, redio na magereza aliogopa nini kwa watoto wanaoimba na kucheza ngoma uwanjani? Aliogopa kwamba kijana aliyezoea kumchagua kiongozi wake mwenyewe, na kumuuliza mweka hazina fedha zimekwenda wapi, atauliza maswali hayo hayo kwa wakubwa. Baadaye marufuku ile ililegea na vyama vikarudi. Xaveri ipo hadi leo, JMPR haipo.

Chama kinapotekwa

Tusiwadanganye wasomaji kwamba kila chama cha vijana ni kizuri. Jirani zetu wa Rwanda wanajua vinginevyo. Interahamwe ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1990 kama umoja wa vijana wa chama tawala cha MRND. Walikuwa na nyimbo, sare, mikutano na michezo. Ukiwatazama kwa mbali ungesema ni vijana walio katika burudani. Kati ya Aprili na Julai 1994, wengi wao walishika mapanga, na mamia ya maelfu ya watu waliuawa, hasa Watutsi, pamoja na Wahutu waliokataa mauaji.

Ndiyo maana mzazi anayeuliza maswali juu ya klabu ya mwanawe anafanya wajibu wake. Maswali ya kuuliza ni haya. Nani anaongoza, na alichaguliwa na nani? Nani anatoa fedha, na anataka nini? Mikutano iko wazi, au imefungwa hata kwa mwalimu? Watoto wa kabila lolote, dini yoyote na taifa lolote wanapokelewa? Mwanachama akitaka kutoka, anatoka kwa amani? Klabu inayojibu maswali haya bila kuficha, mwache mtoto aende. Inayokasirika kwa kuulizwa, mzuie.

Vilabu vya afya, misitu na mito

Tukirudi Uganda, vita vya mwaka 1986 vilipokwisha nchi ilikuta adui mwingine, yaani ukimwi. Watu waliona aibu kuutaja. Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Bongoley Lutaaya alitangaza hadharani kwamba ana virusi, akazunguka mashuleni na makanisani kuwaonya watu, hadi alipofariki Desemba ya mwaka huo huo. Mwaka 1993 likaanza gazeti la vijana liitwalo Straight Talk, lililokuwa likijibu maswali ya wanafunzi kwa lugha ya wazi. Mashuleni wanafunzi walikaa pamoja kulisoma na kulijadili, na vilabu vikazaliwa. Jambo ambalo binti hakuweza kumuuliza baba, wala mwalimu hakuweza kulisema mbele ya darasa, lilisemwa klabuni, au liliigizwa katika mchezo ambao wazazi wenyewe walikuja kuutazama. Wataalamu wengi wanakubali kwamba maambukizi yalipungua Uganda katika miaka ya 1990, na kwamba kusema wazi kulichangia.

Mazingira pia yana habari yake. Kenya ilianzisha vilabu vya wanyamapori vya wanafunzi mwaka 1968, na Uganda ikafuata mwaka 1975. Kwa wilaya ya Kasese jambo hili si la vitabuni. Upande mmoja kuna hifadhi ya Queen Elizabeth, iliyotengwa mwaka 1952. Upande mwingine kuna hifadhi ya milima ya Rwenzori, iliyotangazwa mwaka 1991. Mkulima anayepakana na hifadhi hana mapenzi na tembo aliyelala katika mahindi yake. Lakini mto Nyamwamba ulipofurika Mei 2013, na mafuriko yalipoirudia wilaya Mei 2020 yakaharibu nyumba na hospitali ya Kilembe, kila mtu aliona gharama ya milima na kingo za mito zisizotunzwa. Klabu ya shule yenye kitalu cha miche na majembe manne inafanya kazi ambayo mikutano mingi haijaifanya.

Kadhalika Juni 2019, Ebola ilipovuka kutoka Kongo na kugunduliwa wilayani Kasese, ilibidi watu waache kupeana mikono na wanawe mikono kila mlangoni. Wajitolea wa Msalaba Mwekundu walipita nyumba kwa nyumba kuelimisha. Msalaba Mwekundu nao una vilabu vyake mashuleni, na humo ndimo kijana anapojifunza kufunga kidonda na kutunza rejista kabla ya siku ya shida kufika.

Mwanafunzi wa mdahalo wa Soweto

Sasa tufike kwenye tarehe yenyewe. Mwaka 1976 serikali ya makaburu ya Afrika Kusini iliamuru kwamba wanafunzi weusi wafundishwe baadhi ya masomo kwa Kiafrikana. Tarehe 16 Juni maelfu ya wanafunzi wa Soweto waliandamana. Polisi waliwafyatulia risasi. Miongoni mwa waliokufa alikuwa mtoto wa miaka 12, Hector Pieterson. Mwaka 1991 Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukaifanya tarehe hiyo kuwa Siku ya Mtoto wa Afrika.

Wengi wetu tunajua habari hiyo hadi hapo. Tusichokumbuka ni maandamano yale yalivyopangwa. Siku tatu kabla yake, tarehe 13 Juni, wanafunzi wa sekondari mbalimbali walikutana na kuchagua kamati. Mmoja wa viongozi wao, Tsietsi Mashinini wa shule ya Morris Isaacson, alikuwa akiongoza klabu ya mdahalo shuleni kwake, na alikuwa kiongozi wa vijana katika kanisa lake la Kimethodisti. Alikuwa na miaka 19. Hakujifunza kusimama mbele ya watu siku ile. Alikuwa amekwisha kujifunza klabuni. Baada ya hapo alitafutwa na polisi, akakimbia nchi, akawa mkimbizi kama sisi, akafa ugenini nchini Guinea mwaka 1990. Hakuiona Afrika Kusini iliyo huru.

Shule zetu katika vita

Mpaka huu wetu umeona mengi. Tarehe 13 Novemba 1996 waasi wa ADF walivuka kutoka Kongo na kushambulia Mpondwe. Watu wengi wa Kasese na Bundibugyo waliyahama makazi yao katika miaka iliyofuata, na kambi za waliohamishwa zikajaa. Tarehe 8 Juni 1998 waasi hao waliingia chuo cha ufundi cha Kichwamba, karibu na Fort Portal, wakachoma mabweni. Wanafunzi wapatao 80 walikufa na wengine walitekwa.

Miaka 25 baadaye, usiku wa tarehe 16 Juni 2023, wauaji waliingia shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe. Waliwachoma wavulana bwenini, wakawakata wasichana waliojaribu kukimbia. Watu zaidi ya 40 walikufa, wengi wao wanafunzi, na wengine walichukuliwa. Ilikuwa Siku ya Mtoto wa Afrika. Tunawaombea marehemu wote wapumzike kwa amani, na walionusurika wapate nguvu.

Hakuna klabu inayoweza kuzuia risasi, wala hatutamdanganya mzazi kwa kusema hivyo. Ulinzi wa shule ni kazi ya serikali. Lakini historia ya vita hivi inaonyesha jambo lingine. Makundi ya silaha hupenda vijana. Mengine huwateka kwa nguvu. Mengine huwapata kwa maneno: ahadi ya fedha, ya kazi, ya kisasi kwa waliomwua baba. Kijana aliyekata tamaa, asiye na wenzake wala mkubwa wa kumweleza, husikiliza maneno hayo peke yake. Kijana aliye na timu, kwaya au mdahalo siku ya Jumatano ana wenzake watakaouliza, "Mbona hayupo leo?" Swali hilo likiulizwa mapema, huenda likamwokoa.

Kambini kwenyewe

Baadhi ya watu hufikiri kwamba kambi ni mahali pa kungoja tu. Uganda imekuwa na makazi ya wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, kama vile Nakivale, na wapo watoto waliozaliwa humo wakawa wazee humo. Anayengoja miaka mingi hivyo hangoji tena, anaishi. Kwa hiyo mtoto wake naye aishi maisha ya mwanafunzi kamili.

Mwaka 2016, kwa mara ya kwanza, timu ya wakimbizi ilishiriki michezo ya Olimpiki huko Rio de Janeiro. Walikuwa 10. Watano kati yao walikuwa wakimbiaji wa Sudan Kusini waliotoka kambi ya Kakuma, Kenya, na mmoja wao, Rose Nathike Lokonyen, ndiye aliyebeba bendera ya timu. Kipaji chake kilionekana katika mashindano ya mbio ya shule, huko huko kambini. Wengine wawili, Popole Misenga na Yolande Mabika, walikuwa Wakongo waliojifunza judo katika kituo cha watoto waliopoteza makwao, Kinshasa.

Hatusemi kila mtoto atakwenda Olimpiki. Faida iliyo kubwa zaidi ni ya kawaida na haipigwi picha. Tazameni kamati zetu za maji, za chakula, za usalama na za wanawake. Ni nani anayejua kuandika kumbukumbu za mkutano, kuitisha kura, kusoma hesabu mbele ya watu bila kutetemeka? Mara nyingi ni yule aliyewahi kuwa katibu wa klabu fulani shuleni, Kongo, Rwanda, Burundi au Uganda. Kambi inayokata vilabu leo itatafuta makatibu baada ya miaka kumi isiwapate.

Jambo la lugha nalo lina uzito. Mtoto aliyesoma kwa Kifaransa hadi miaka 16 akivuka mpaka anajikuta katika masomo ya Kiingereza. Mara nyingi hurudishwa madarasa ya chini, akaketi na wadogo zake, akaona haya, akaacha shule. Katika mdahalo wa Kiswahili kijana huyo huyo anasimama sawa na wenzake. Akisikika huko, anapata moyo wa kuvumilia Kiingereza darasani. Mwaka 2022 baraza la mawaziri la Uganda lilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe mashuleni. Basi klabu ya Kiswahili haimtengi mkimbizi. Inamfaa yeye na mwenyeji pamoja.

Tunayopendekeza

Kwanza, vilabu vikutane mchana, mara baada ya masomo, na kila mtoto awe amefika nyumbani kabla ya giza. Rejista iandikwe kila mara. Baada ya yale ya Lhubiriha, jambo hili halina mjadala.

Pili, wasichana wapewe nafasi kwa vitendo. Binti anayengojwa na madumu ya maji na kuni hawezi kubaki shuleni hata akialikwa mara mia. Tunawaomba wazazi kugawa kazi hizo kwa wavulana pia, na tunawaomba wahudumu wa maji waangalie saa za kufungua bomba siku ya vilabu.

Tatu, wanafunzi wachague viongozi wao wenyewe, na hesabu zisomwe mbele ya wanachama kila muhula, hata kama ni shilingi elfu mbili. Mwalimu mlezi awe karibu, lakini asiwe mwenyekiti.

Nne, klabu isitoze ada ya kumfungia mlango mtoto wa maskini. Mdahalo unahitaji daftari moja na saa moja. Kwaya inahitaji sauti. Mpira unahitaji mpira.

Tano, watoto wa wenyeji na wa wakimbizi wawe katika klabu moja. Wakicheza pamoja wakiwa na miaka 15, watagombana kidogo juu ya kuni na mashamba wakiwa na miaka 30.

Sita, tunawaomba mashirika, bajeti ikipunguzwa, yaje kuuliza Kamati kabla ya kukata. Huenda tukakubaliana kununua mipira miwili badala ya mitano. Lakini kuondoa mwalimu mlezi na kufunga uwanja ni kuziacha saa za vijana wetu kwa yeyote atakayezitaka.

Shule za Uganda zilipofungwa kwa sababu ya korona kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022, sote tuliona vijana walivyokaa bila pa kwenda, na wazazi wengi bado wanaona madhara yake majumbani mwao. Wahenga walisema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Vijana wetu wamekwisha kufunzwa na ulimwengu mambo ambayo mtoto hakupaswa kuyajua. Saa mbili za jioni, mara moja au mbili kwa juma, ndizo tunazoomba tuwafunze sisi.

Mungu awabariki wanafunzi wetu na walimu wao.